Maji Yanayovuja Tena na Tena Katika Nyumba Mpya: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuvunja Ukuta

Nyumba ambayo haijatimiza hata miaka miwili haipaswi kuvuja kwa sababu ya uchakavu. Mabomba, koki na mipira ya kuzibia iliyomo ndani yake bado ni mipya, na vingi kati ya vitu hivyo vimetengenezwa ili vidumu kwa miaka mingi. Uvujaji ukitokea mara moja, huenda ni kasoro ya kiungio kimoja tu. Ukijirudia, iwe ni palepale ulipozibwa au mahali pengine kabisa, basi kuna jambo linaloyaumiza mabomba ambalo bado halijaguswa, na fundi anayeziba tundu bila kulitafuta jambo hilo anakuahirishia gharama, tena gharama ambayo itaongezeka kwa sababu safari ijayo kutakuwa na vigae vingine vya kuvunja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuvunja wala kuziba, bali ni kukusanya habari. Chukua mchoro wa nyumba, au uchore wako mwenyewe kwa penseli, kisha utie alama kila mahali palipowahi kuvuja, pamoja na tarehe, saa, na kilichokuwa kikiendelea wakati huo: je, hita ilikuwa imewashwa, mtu alikuwa anaoga, pampu ilikuwa inafanya kazi, au nyumba nzima ilikuwa imelala? Matukio matatu au manne yakishaandikwa hivyo, mara nyingi mpangilio wake huanza kuonekana, kwa mfano kwamba yote yapo upande wa maji moto, au yote yapo kwenye kazi ya chumba kimoja, au yote hutokea alfajiri. Mpangilio huo ndio utakaoamua ni sehemu gani ya maelezo yanayofuata inakuhusu.

Tahadhari moja haisubiri uchunguzi. Maji yakionekana karibu na soketi, taa ya darini au kisanduku cha umeme, zima swichi kuu ya umeme kabla ya kugusa kitu kingine chochote, mradi uweze kuifikia bila kukanyaga maji, halafu ufunge valvu kuu ya maji. Kama hujui valvu hiyo iko wapi, itafute leo, na ujaribu kama kweli inafunga, kwa sababu katika nyumba mpya si ajabu kuikuta imefukiwa chini ya kifusi au imepakwa rangi hadi haizunguki.

Je, kweli ni bomba linalovuja?

Zege, plasta na saruji ya kulazia vigae huchanganywa kwa maji mengi, na sehemu ya maji hayo huendelea kutoka polepole kwa miezi mingi baada ya watu kuhamia. Ukuta wa aina hiyo huwa na unyevu uliosambaa kwa upana bila kitovu, mara nyingi huacha unga mweupe wa chumvi juu ya rangi, na hali yake hupungua kadiri vyumba vinavyopata hewa. Doa la bomba linalovuja huwa na tabia tofauti: lina kitovu, lina ukingo unaoonekana, na hukua. Zungushia ukingo huo kwa penseli, uandike tarehe, kisha urudi baada ya siku chache, kwa maana jicho peke yake husahau upesi doa lilikuwa na ukubwa gani.

Unyevu mwingine usio wa kuvuja ni ule wa hewa inayogeuka maji juu ya bomba la maji baridi. Ili kuutambua, kausha bomba kwa kitambaa, uzungushie karatasi laini ya chooni juu ya kiungio unachokishuku, kisha uzungushie karatasi nyingine juu ya sehemu isiyo na kiungio, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka hapo. Karatasi zote mbili zikilowa kwa pamoja, bomba linatoka jasho na dawa yake ni kulivika kizuizi cha joto. Ile ya kwenye kiungio ikilowa peke yake, umepata uvujaji.

Kwa ukuta usioonyesha bomba, bandika kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita kila upande, ukifunge kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, na ukiache kwa siku moja. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, unatoka hewani. Jaribio hili halikuambii kama maji ya ukutani ni ya ujenzi au ya bomba, na ndiyo maana kipimo kinachofuata ni cha lazima.

Kipimo cha mita, na cha tangi

Mabomba ya nyumba ni ya aina mbili, na makosa mengi ya uchunguzi hutokana na kuyachanganya. Yapo yanayoleta maji safi, ambayo hukaa yamejaa na yana presha saa zote, kwa hiyo yakitoboka huvuja usiku na mchana hata kama hakuna mtu nyumbani. Yapo pia yanayoondoa maji machafu, ambayo hukaa matupu na huvuja pale tu mtu anapooga, anapoosha vyombo au anapovuta maji ya choo. Kabla ya kugonga kigae hata kimoja, lazima ujue unashughulika na kundi gani.

Funga koki zote, hakikisha hakuna mashine ya kufulia inayofanya kazi wala choo kinachojijaza, kisha usome mita ya maji hadi tarakimu ya mwisho. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo au mshale mdogo unaozunguka kwa mtiririko hafifu sana. Ukizunguka wakati kila kitu kimefungwa, jibu umeshalipata. Kama umetulia, acha saa moja au mbili zipite, au usiku mzima ikiwezekana, kisha usome tena.

Kama nyumba inatumia tangi la juu, mita inaweza kukudanganya, kwa sababu maji yanayopita ndani yake yanaweza kuwa yanajaza tangi tu. Hapo funga valvu ya kuingiza maji tangini, weka alama ya kimo cha maji kwa kalamu isiyofutika, uondoke usiku kucha bila kutumia maji. Katika tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1.2, kila sentimita moja inayoshuka ni sawa na lita 11 hivi, kwa hiyo hata mshuko mdogo una maana kubwa. Kabla ya kulaumu mabomba ya ndani, angalia pia bomba la tangi la kumwagia maji ya ziada, kwani boya lisilofunga vizuri humwaga maji usiku kimyakimya wakati watu wanaendelea kupekua bafuni.

Ikithibitika kwamba upande wa maji safi unavuja, gawanya eneo la msako. Funga valvu inayoingiza maji baridi kwenye hita, na usome tena. Mita ikisimama, tatizo liko kwenye hita yenyewe au kwenye mabomba ya maji moto. Ikiendelea, liko upande wa baridi. Kisha fanya vivyo hivyo kwa valvu za kila bafu na jiko, kama zipo. Nyumba iliyojengwa bila valvu za kutenga kila chumba ina kasoro tayari, na ningeshauri ziwekwe wakati wa matengenezo ya kwanza hata kama fundi ataona ni kazi ya ziada.

Mita ikisimama kabisa usiku kucha na bado ukuta unalowa, achana na mabomba ya maji safi na uende moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu bafu na maji machafu.

Uvujaji unaorudi palepale

Kiungio kilichozibwa mara mbili na kikavuja tena hakihitaji kuzibwa mara ya tatu. Kinahitaji kukatwa na kutazamwa. Mwambie fundi asitupe kipande alichokitoa. Kipande hicho ndicho ushahidi pekee wa kile kilichotokea, na kila aina ya kosa ina sura yake.

Chukua mfano wa mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa. Ncha ya bomba na kiungio huwekwa kwa pamoja kwenye mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi, na kwa bomba la milimita 20 muda wa kupasha ni sekunde 5 tu, kwa la milimita 25 ni sekunde 7, na kwa la milimita 32 ni sekunde 8. Kisha vyote viwili husukumwa pamoja kwa mkono ulionyooka, bila kuvizungusha, navyo hushikwa bila kutikiswa hadi vigande. Kwa mabomba madogo inafaa kusubiri angalau dakika 2 hivi kabla ya kuvipa uzito wowote. Kata kiungio kibovu kwa urefu kwa msumeno mwembamba, uangalie ndani. Kiungio kilichochomwa vizuri hakionyeshi mpaka kati ya bomba na kiungio, kwani plastiki mbili zimekuwa moja, na ukingoni pana pete ndogo iliyo sawa kuzunguka pande zote. Kilichochomwa kwa joto hafifu huonyesha mstari mwembamba, na wakati mwingine bomba huchomoka kwa kubanduliwa kwa bisibisi. Kilichopashwa kupita kiasi, au kusukumwa mno, huwa na pete nene iliyojikunja hadi ndani na kuziba karibu nusu ya njia ya maji. Na kile kilichoungwa wakati bomba likiwa na maji au vumbi huwa na vitundu vidogo mfano wa mkate, ambavyo ndivyo maji hupitia.

Ukiona kosa la joto katika kiungio kimoja, usiridhike kubadilisha hicho tu. Mkono uleule na mashine ileile ndivyo vilivyounga vingine vyote, na kidhibiti joto kilichoharibika hakichagui chumba.

Kwa mabomba ya PVC yanayounganishwa kwa gundi, angalia kama gundi imeenea kuzunguka bomba lote. Mara nyingi utaona sehemu kavu upande wa nyuma, ambako brashi haikufika kwa kuwa bomba lilikuwa tayari limeegemezwa ukutani. Kosa jingine ni kufungulia maji mapema. Gundi huonekana kushika ndani ya dakika moja, lakini mtengenezaji huandika kwenye kopo muda wa kusubiri kabla ya kuweka presha, ambao unaweza kufika saa 24 kutegemea ukubwa wa bomba na hali ya hewa, na muda huo ndio unaorukwa mwenye nyumba anapotaka kuoga jioni hiyohiyo.

Viungio vya kukaza kwa nyuzi, yaani vile vinavyofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, vina ugonjwa wao. Fundi akiona kiungio kinatoa machozi, hukikaza zaidi. Kikiendelea, hukifungua, akaongeza mizunguko ya tepu nyeupe au katani, akakaza tena kwa spana kubwa. Kama kiungio cha kike, yaani kile kinachoingiziwa mwenzake, ni cha plastiki tupu, tepu nyingi humfanya dume anayeingia awe mnene kuliko nafasi yake, na kiungio hupasuka ufa mwembamba kwa urefu. Ufa huo hauonekani siku hiyo. Hufunguka wiki kadhaa baadaye, na mwenye nyumba huambiwa kwamba kiungio kilikuwa feki. Pale plastiki inapokutana na koki au valvu ya chuma, kiungio kinachofaa ni kile chenye nyuzi za shaba nyeupe au njano zilizozamishwa ndani ya plastiki, na nguvu ya kukaza iwe ya kadiri. Vivyo hivyo kwa mipira inayounganisha koki na bomba: kaza kwa mkono hadi igome, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana, kwa sababu kinachozuia maji hapo ni mpira ulio ndani, ambao ukibanwa kupita kiasi hukatika.

Palepale pakivuja na kiungio kikaonekana kizima, fikiria mwendo. Bomba lililobanwa ndani ya ukuta au boriti bila kuachiwa nafasi hubeba mzigo kila jengo linapotulia au linapotanuka kwa joto, na hukatika mahali palepale, kwa kawaida pale linapotokeza ukutani. Dawa yake ni kulipitisha ndani ya bomba kubwa zaidi la kulilinda, ili ukuta uwe na uhuru wake na bomba uhuru wake.

Na usisahau skrubu. Baada ya kuhamia, watu hutoboa kuta kwa ajili ya pazia, makabati, kioo cha bafuni na kishikio cha taulo. Skrubu ikilitoboa bomba, si lazima maji yamwagike papo hapo, maana skrubu yenyewe huwa kizibo. Huanza kuvuja baada ya miezi, kutu inapoila au mtu anapoichomoa. Kwa hiyo doa likitokea ukutani, tazama kila kitu kilichotundikwa juu yake na karibu yake, na ukumbuke kwamba mabomba huelekea koki kwa mstari wa wima au wa mlalo. Kilichotundikwa juu ya mstari huo ndicho mshukiwa wa kwanza.

Uvujaji unaohamahama

Leo jikoni, mwezi ujao chooni, kisha bafu la wageni. Hali hii ndiyo huwachosha watu kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu kila tukio hushughulikiwa peke yake kana kwamba halina ndugu. Mimi hapa ningeanza na presha kabla ya kumlaumu fundi.

Nunua au azima geji ya presha inayofungwa kwenye koki ya nje. Inayofaa zaidi ni ile yenye mshale wa pili unaobaki kwenye kiwango cha juu kilichowahi kufikiwa. Ifunge jioni, uisome asubuhi. Kwa nyumba ya kawaida, presha ya kati ya baa 2 na 4 (baa ni kizio cha kupimia presha) inatosha kabisa. Ikizidi baa 5, inafaa kupunguzwa. Usomaji wa mchana hautoshi, kwani maji yanayotoka kwenye mtandao wa mtaa hupanda presha usiku, watumiaji wanapopungua, na kiungio dhaifu kilichovumilia mchana hushindwa saa tisa za usiku. Presha ikiwa kubwa, tiba ni valvu ya kupunguza presha kwenye bomba linaloingia nyumbani, wala si kuziba tundu moja moja.

Nyumba inayopata maji kutoka tangi la juu bila pampu ina hesabu rahisi: kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1. Tangi lililo mita 6 juu ya koki haliwezi kuleta zaidi ya baa 0.6. Fundi akikuambia kwamba mabomba ya nyumba ya namna hiyo yanapasuka kwa presha ya kawaida, mwulize presha hiyo inatoka wapi. Mabomba yanayoshindwa chini ya baa moja yana kasoro ya kazi au ya vifaa.

Lipo pia pigo la maji, ambalo geji ya kawaida huenda isilinase. Maji yanayokwenda kwa kasi yakizuiwa ghafla, kwa mfano mashine ya kufulia inapofunga valvu yake au mtu anapobamiza koki ya mkono mmoja, mwendo wake hugeuka kuwa mshindo unaosafiri ndani ya bomba na kurudi. Dalili yake ni sauti ya kugonga ukutani mara koki inapofungwa. Kila pigo ni dogo, lakini hurudiwa kila siku kwenye viungio vyote. Bana mabomba yaliyolegea, punguza presha, na pale penye mashine weka kifaa cha kumeza mshindo karibu na valvu yake.

Kama presha ni ya kawaida na hakuna mshindo, rudi kwenye vifaa. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba. Alama kama PN10, PN16, PN20 na PN25 hutaja daraja la presha ambayo bomba limekusudiwa kuibeba kwa maji ya nyuzi 20, na uwezo huo hushuka sana maji yanapokuwa moto. Bomba la PN10 lililowekwa kwenye njia ya maji moto litaanza kushindwa taratibu hata kama lilichomwa na fundi bora. Angalia pia kama mabomba na viungio vimetoka kwa watengenezaji tofauti, maana tofauti ndogo ya kipenyo inatosha kuharibu muungano. Katika mabomba ya chuma, tazama pale shaba ilipounganishwa moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki. Metali hizo zikilowa pamoja, chuma huliwa kwa haraka, na kati yao inafaa kuwe na kiungio kinachozitenganisha.

Upande wa maji moto peke yake

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 1.7. Hita ya lita 100 kwa hiyo huhitaji mahali pa kuweka lita 1.7 hivi za ziada. Zamani maji hayo yalirudi tu kwenye bomba yalikotoka. Lakini nyumba nyingi mpya zina valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, au valvu ya kupunguza presha inayofanya kazi hiyohiyo, na hapo maji yaliyotanuka hukosa pa kwenda, presha hupanda kila hita inapowaka, na kiungio kilicho dhaifu kuliko vyote hutoa matone. Geji ikionyesha presha inayopanda hita inapopasha na kushuka koki ya maji moto inapofunguliwa, umepata chanzo. Panahitajika tangi dogo la upanuzi kwenye bomba la baridi linaloingia kwenye hita.

Valvu ya usalama ya hita inayodondosha matone wakati wa kupasha inafanya kazi iliyowekewa. Isizibwe kamwe, wala bomba lake la kutolea maji lisifungwe kizibo, kwa kuwa ndiyo inayozuia hita isilipuke.

Mabomba yenyewe nayo hurefuka. Bomba la PPR lisilo na tabaka la kuliimarisha hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Njia ya mita 8 ikipata joto la ziada la nyuzi 35 hutaka kurefuka milimita 42, yaani zaidi ya sentimita 4, wakati shaba katika hali hiyohiyo haitafika milimita 5. Bomba lililopita darini au juu ya paa bila kona ya kulipa nafasi litajipinda na kukisukuma kiungio cha mwisho. Ndiyo maana viungio vya kwenye kona za maji moto huvuja mara kwa mara, na suluhisho ni kubadilisha mpangilio wa bomba, kuweka vishikizo vinavyoliruhusu kuteleza, au kutumia bomba lenye tabaka la ndani linalopunguza urefukaji.

Maji yanayoonekana mtu akioga tu

Hapa mita haikusaidii, kwa sababu hakuna presha. Panga majaribio kwa hatua, na kila hatua iachwe peke yake kwa muda wa kutosha ili matokeo yasichanganyike. Siku ya kwanza mimina ndoo kadhaa moja kwa moja kwenye tundu la maji sakafuni, bila kulowesha vigae. Dari ya chini ikilowa, bomba la maji machafu au muungano wake na tundu hilo ndilo linalovuja. Isipolowa, siku nyingine ziba tundu, ujaze sakafu ya bafu maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, utie alama ya kimo, uyaache saa 24. Ikilowa sasa, sakafu ndiyo inayopitisha. Isipolowa tena, elekeza bomba la mvua la kuogea ukutani kwa muda mrefu, uone kama ni kuta.

Mara nyingi sana jibu ni sakafu au kuta, na hapo bomba zima hubomolewa bila hatia. Vigae na saruji nyeupe ya kuzibia mianya yake havizuii maji, hupunguza tu. Kinachozuia ni utando uliopakwa chini ya vigae, ambao hupaswa kupanda ukutani angalau sentimita 15 kuzunguka bafu na kufika juu zaidi nyuma ya bomba la mvua, pamoja na kushikamana vizuri na tundu la sakafuni. Utando huo usipokuwepo, kupaka silikoni mpya pembeni kutakupa miezi michache ya ukavu na kisha doa litarejea.

Kwa choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na usubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, kifuniko cha mpira cha ndani hakifungi. Maji yakitokea sakafuni baada ya kuvuta tu, tazama mpira wa chini ya choo, na hasa ushike choo kwa mikono miwili ukitikise: choo kinachocheza kitaharibu kila mpira utakaowekwa.

Koki zinazodondosha zote kwa pamoja

Koki mpya zikianza kudondosha ndani ya miezi ya mwanzo, na hasa kama ni nyingi, mara nyingi chanzo ni mchanga na mabaki ya plastiki yaliyobaki ndani ya mabomba wakati wa ujenzi. Chembe hizo hukwaruza sahani za kauri zilizo ndani ya koki. Fungua chujio la mdomoni. Ukikuta changarawe, osha mabomba kwa kufungulia maji kwa nguvu koki zikiwa zimetolewa, kisha weka chujio kwenye bomba kuu na ubadilishe vya ndani vya koki. Kubadilisha bila kuosha ni kupoteza fedha.

Pampu inayojiwasha usiku

Pampu yenye swichi ya presha ikiwaka yenyewe wakati hakuna anayetumia maji, ama kuna uvujaji mahali fulani, ama maji yanarudi nyuma kupitia valvu mbovu. Funga valvu iliyo baada ya pampu, kati yake na nyumba. Ikiendelea kujiwasha, tatizo liko upande wa pampu. Ikitulia, liko nyumbani. Ikiwa inawaka na kuzima kila sekunde chache koki inapofunguliwa, hiyo ni dalili nyingine: tangi la presha limepoteza hewa yake, na kuwaka na kuzima huko kunayapiga mabomba mshindo kila mara.

Kabla ya kufunika ukuta tena

Ukarabati wowote ujaribiwe kwa presha ukuta ukiwa wazi. Hita, pampu na koki hutengwa, ncha huzibwa, mabomba hujazwa maji polepole ili hewa itoke, kisha presha hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi kiwango cha kujaribia, ambacho kwa kawaida ni mara 1.5 ya presha ya matumizi. Katika mabomba ya plastiki presha itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba linatanuka. Hiyo huongezwa, na kushuka kunakohesabiwa ni kule kunakotokea baada ya hapo. Jaribio lisifanywe bomba likiwa juani, kwani joto linalobadilika hubadilisha usomaji. Wala lisifanywe kwa hewa ya kompresa katika mabomba ya plastiki, kwa sababu bomba likipasuka chini ya hewa iliyobanwa hurusha vipande vinavyoweza kuua. Piga picha za mabomba yote yakiwa wazi, na futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando yake, ili atakayetoboa ukuta huo baadaye ajue pa kuepuka.

Mkataba wa ujenzi mara nyingi huweka kipindi ambacho mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro, na miezi 6 au 12 ni ya kawaida. Toa taarifa kwa maandishi kabla kipindi hicho hakijaisha, ukiambatanisha mchoro wenye tarehe, usomaji wa geji na picha za vipande vilivyokatwa, na udai jaribio la presha la mfumo mzima badala ya matengenezo ya sehemu moja. Mjenzi akipendekeza kuziba tu palipolowa, mwombe aandike na kutia saini sababu ya uvujaji huo kwa maoni yake, kisha linganisha sababu hiyo na mchoro wako kabla ya kumruhusu kuanza kazi.